Jina Moja, Tarehe Moja: Vijana Tupange Kazi Zetu

(Haya niliyazungumza kwenye mafunzo ya vijana wa chama hapa Kihurio. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu tu.)



Nimepewa mada ya kupanga miradi. Najua wapo walioshaanza kupiga miayo. Vumilieni kidogo, maana nataka tutoke hapa na karatasi moja ambayo kikundi chochote kinaweza kuijaza kesho asubuhi, kwa peni tu, bila kompyuta.

Kwa nini sisi wa upinzani? Kwa sababu kila siku tunaidai serikali ratiba. Angalieni mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, wa kutoa maji bwawa la Nyumba ya Mungu. Kazi ilianza 2014, mkataba wa ujenzi ukavunjwa katikati, uzinduzi ukaja Machi 2025. Mtoto aliyezaliwa mradi unaanza, siku ya uzinduzi alishafika darasa la nne au la tano! Tuna haki ya kuuliza. Lakini anayemdai mwenzake ratiba, naye awe na ya kwake.

Sasa tuje kwenye mkopo wa halmashauri. Kisheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni sheria, siyo zawadi ya chama chochote, kwa hiyo msione aibu kuomba. Ila mkopo ni deni. Kikundi kikiyumba, mama zetu ndio wanaouza mbuzi kulipa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika andiko la mradi, fanyeni mambo matano.

La kwanza, ulizeni "kwa nini" mara tano. Njia hii ilipata umaarufu kwenye viwanda vya Toyota, Japani. Tujaribu hapa. Vijana wa mpunga hatuna hela. Kwa nini? Tunauza mpunga kwa bei ya chini. Kwa nini? Tunauza siku ile ile ya kuvuna, wakati kila mtu anauza. Kwa nini? Tuna madeni. Kwa nini? Mbolea na pembejeo tulikopa kwa mfanyabiashara, tumlipe kwa magunia. Kwa nini? Msimu uliopita tuliuza mapema, hatukubaki na mtaji.

Mmeona? Tulikuja tukitaka kuomba hela ya pawatila. Pawatila ingetulimia vizuri, halafu mpunga ungeondoka kwa bei ile ile. Tunachohitaji ni kukodi ghala na kuwa na hela ya kulipa deni siku ya kuvuna, ili mpunga ukae mpaka bei ipande. Swali limebadilisha ombi zima.

La pili, andikeni wahusika wote. Mwenye ghala, afisa maendeleo ya jamii, mwenyekiti wa kijiji, yule mfanyabiashara. Halafu msimsahau mzee mwenye shamba. Wengi wetu tunalima majaruba ya wazazi. Baba akisema mpunga unauzwa leo, utauzwa leo. Basi mzee akae nanyi mapema, akubali ni magunia mangapi yanakwenda ghalani.

La tatu, kila kazi iwe na jina moja. "Kamati itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia. Andika: Asha anafungua akaunti. Juma anaongea na mwenye ghala. Wengine watasaidia, lakini wa kuulizwa ni mmoja.

La nne, pangeni tarehe kwa kurudi nyuma. Anzeni na siku ya kuvuna. Mbegu kama SARO 5 inachukua miezi minne hivi tangu kusia, kwa hiyo siku ya kuvuna inakadirika. Kabla yake, hela iwe imeingia. Kabla ya hela, andiko liwe limepita. Kabla ya andiko, kikundi kiwe kimesajiliwa. Mkihesabu hivyo mtagundua kazi ya kwanza ni ya wiki hii, siyo ya mwezi wa mavuno.

La tano, andikeni "ikiwa". Ikiwa hela itaingia baada ya mavuno, tunafanya nini? Jibu liingie kwenye muhtasari leo, mkiwa na akili zenu, kabla hela haijaonekana. Kwa mfano: hatugawani, inakaa benki, tunarudi kwa afisa. Vikundi vingi vinakufa siku hela inapoingia wakati hakuna cha kununua.

Na asije mtu akasema haya ni ya wazungu. Wazee wa Upare walijenga ndiva za kuhifadhi maji, wakapangiana zamu za kumwagilia, na siku ya msaragambo kila mtu alijua anakwenda kufanya nini. Hiyo ni ratiba kamili.

Mwisho, karatasi hii igeuzeni upande wa pili. Mradi wowote wa umma katani uulizwe hivyo hivyo: shida ilikuwa nini, shilingi ngapi, nani anawajibika, unaisha lini? Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, awe na kadi ya chama gani. Ulizeni pale. Wakikaa kimya, andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kikao kijacho kila tawi lilete karatasi yake imejazwa. Tutaanza kwa kusoma majina na tarehe, hotuba zitafuata.