BABA YANGU NA KIPANDE CHAKE CHA RELI

(Hotuba aliyoitoa Katibu Mwenezi wa tawi mbele ya wanachama na jamaa, siku ya kumkumbuka baba yake mzazi)



Mmezoea kuniona nikisimama hapa kuzungumza habari za kadi na ada na mikutano. Leo nimeziacha kadi nyumbani. Nataka kusema habari za baba yangu, ambaye ninyi mlimchimbia kaburi mwezi wa Machi mwaka 2024, nami nikafika udongo umekwisha kurudishwa. Jambo hilo nitalirudia, kwa maana sikuja hapa kujificha.

Baba alizaliwa mwaka 1956. Aliandikwa kazi ya reli mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika na nchi yetu kuunda shirika lake. Hakuwa dereva wala stesheni masta. Alikuwa mtu wa genge la njia, upande wa Gulwe, na mwishowe akawa mnyapara wa genge hilo. Kazi yao ni kuitembea njia kwa miguu kila siku, kukaza boliti, kushindilia kokoto chini ya mataruma, kufyeka majani na kuzibua makalvati. Jua la Ugogo mnalijua. Mchana chuma hutanuka, na kama nafasi iliyoachwa kati ya reli na reli haitoshi, njia hupinda kama nyoka. Kwa hiyo Baba alikuwa akipita mara ya pili saa nane mchana, wakati watu wenye akili zao wamelala chini ya mkwaju. Hakuna aliyemlipa kwa mara hiyo ya pili.

Ndugu wanachama, tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani karibu na Igandu, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita. Magenge yaliitwa, na Baba akaondoka na sururu yake na blanketi moja. Alirudi siku ya nne. Hakusalimu. Alioga, akalala mchana kutwa, na jioni akaniambia, “Haya, twende porini.” Tukaenda kwenye mizinga yake. Hatukurina kitu siku ile. Tulikaa chini ya mbuyu hadi giza likaingia, naye akawa ananitajia miti mmoja mmoja, huu mgunga, huu mkambala, huu mkwaju, kama mtu anayehesabu watoto wake aone kama wote wapo. Habari za Igandu hakunisimulia hata siku moja. Lakini tangu mwaka ule, treni ya abiria ilipopita alikuwa akisimama wima na kuvua kofia mpaka behewa la mwisho limpite. Watoto wa stesheni walimcheka. Nami, nakiri, nilicheka pamoja nao.

Pori ndilo lililokuwa starehe yake. Pombe hakuipenda, na mpira aliusikiliza kwa ajili ya kuwaridhisha wenzake. Jumapili alichukua panga, kibuyu cha maji na mtoto mmoja, kwa zamu. Tulikuwa watoto watano, na zamu ile tuliipigania kuliko nyama. Mizinga yake kumi na minne aliichonga mwenyewe kwa magogo na kuitundika mibuyuni. Alirina usiku, kwa moshi, polepole, na masega yenye majana hakuyagusa, wala hakumaliza asali yote. Ukimwuliza sababu hujibu, “Nao wana nyumba.” Ada yangu ya mwaka wa kwanza chuo cha ualimu ililipwa kwa asali hiyo, madebe mawili na kidogo. Siku niliyopata cheti changu akaanza kuniita Bwana Mwalimu, mbele za watu na nyumbani pia, na mama akawa anacheka.

Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010, zilizoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, zilimweka nje ya nyumba wiki nyingi. Mto uliichukua tuta na kuziacha reli zikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mama alinituma nimpelekee unga na chumvi. Nilimkuta amesimama katika tope hadi magotini, sauti imemkauka, na jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, “Mdogo wako homa imeshuka?” Yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa homa.

Alistaafu mwaka 2016. Fedha yake ya kustaafu ilichelewa sana, na kwa ajili yake alipanda basi mara saba kwenda katika ofisi ambayo sitaitaja. Baba hakupenda kulalamika, basi nami nitaishia hapo, ingawa ulimi unaniwasha.

Sasa nije kwenye deni langu. Mlipoanza kunituma vijijini kuandikisha wanachama, Baba alifurahi. Kadi yake alikuwa nayo tangu zamani, ila mikutanoni alikuwa haonekani. Siku moja aliniuliza, “Bwana Mwalimu, hotuba yako ya jana ilichukua muda gani?” Nikajibu kwa fahari, saa mbili. Akasema, “Na waliokaa juani walikuwa wangapi?” Nikasema mia tatu. Akanyamaza, akaendelea kunoa panga. Ninyi mnajua kwamba tangu hapo hotuba zangu zimekuwa fupi. Sasa mmejua aliyewaokoa.

Mwezi wa Juni 2023 aliniita nyumbani tukarine asali pamoja. Nikajibu kwa simu kwamba nina ziara, nitakuja mwakani. Akasema, “Haya, nitakubakizia mizinga miwili.” Nilidhani ni maneno ya mzee. Machi iliyofuata nilikuwa katika mkutano wetu, simu nimeizima, na nilipoiwasha jioni nilikuta ndugu zangu wamenitafuta mara kumi na tisa. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nilifika kesho yake alasiri, nikakuta majembe yenu yameegemezwa ukutani, yana udongo mbichi.

Alikuwa ametamani sana kuipanda treni ya umeme, ambayo aliiangalia ikijengwa, akauliza mafundi vijana maswali mpaka wakamchoka. Safari za Dodoma zilianza tarehe 25 Julai 2024. Mama amekwisha kuipanda. Aliweka kofia ya Baba kwenye kiti cha dirishani na mtu mmoja akamwomba aiondoe akae, mama akakataa.

Juni ile tulikwenda mibuyuni, mimi na mama na mdogo wangu. Mizinga kumi na miwili ilikuwa imerinwa mwaka uliotangulia, miwili haikuguswa, na kila mmoja ulikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa, kipande cha bendera yake ya kazini. Mmoja nyuki walikuwa wameuhama na masega yameliwa na nondo. Wa pili ulikuwa mzito. Nilipanda mwenyewe, nikaumwa vibaya, kwa maana nilifanya haraka. Asali yenyewe tuliitunza ngojea siku hii ya leo. Iko pale mezani kwa akina mama, na vijiko vipo. Karibuni muonje.