Mzigo Huu Usiubebe Peke Yako

MTANGAZAJI: Popote unapotusikia, Bwera, Kasese mjini, au katika makambi ya Rwamwanja na Kyaka II, karibu. Leo tunazungumza juu ya mawazo mengi na watu wanaotusaidia kuyabeba.

Ulipovuka mpaka pale Mpondwe, pengine ulibeba mtoto, godoro na sufuria. Lakini hukuweza kumbeba jirani uliyezoea kumweleza shida zako, wala shangazi aliyekulelea watoto ukienda shambani. Hao ndio waliokutuliza. Sasa usingizi hauji, kichwa kinauma, unawafokea watoto kwa jambo dogo. Huo si wazimu wala laana. Umelemewa, na wa kukupokea mzigo hayupo karibu.

Basi tafuta watu wapya. Anza na mmoja anayetunza siri. Mkiwa kwenye foleni ya maji, mwambie: "Wiki hii silali." Si lazima usimulie yote uliyoyaona. Naye akisema, msikilize. Usimkatize, usimwambie "sahau tu".

Hapa Bwera, Wakonzo na Wanande wanaelewana kwa lugha, na wengi wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Ukiwa na ndugu, usione haya kumtembelea. Kambini, jirani yako labda ni wa kabila lingine. Msalimie kila asubuhi. Urafiki huanza hapo.

Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikutana kwa vikundi mara 5 kusikiliza mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, yaliyorekodiwa, ya kutuliza mawazo. Miezi 3 baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuyapata.

Wababa, nanyi pia. Pombe inakusahaulisha usiku mmoja, asubuhi mzigo uko palepale. Mwenzako anayekaa nawe chini ya mti anaweza kukusaidia zaidi.

Ukisikia mtu anasema afadhali afe, usimwache peke yake. Mfikishe kituo cha afya leo, au umwite mhudumu wa VHT.

Kabla hujalala, jiulize: ni nani sijamwona tangu juzi? Kesho pita kwake, umpigie hodi.