Tupatane Kabla Gari Halijaondoka: Gari la Kukodi na Mgeni wa Siku Moja

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parishi, Kongwa)



Mada tuliyonayo leo inaonekana ndogo: namna ya kukodi gari la kumtembeza mgeni anayepita kwa siku moja. Huenda mtu akauliza kwa nini ofisi ya maendeleo itumie muda wa kikao kuzungumzia teksi, wakati tuna visima vya kukarabati na watoto wa kusomesha. Sababu ni kwamba miradi yetu mingi huanza, huendelea au hukoma kutokana na ziara ya saa chache. Mgeni huona mahali ambapo gari limemfikisha. Watu wa mahali ambapo gari halikufika hawaoni, wala hasikii habari zao. Kwa hiyo anayepanga safari ya gari hupanga pia habari ambazo mgeni ataondoka nazo.

Wenzetu wa Unguja

Tuanze na wenzetu wa Zanzibar, kwa kuwa wao wamezoea wageni wa namna hii. Meli kubwa za utalii hutia nanga asubuhi na kuondoka jioni. Abiria wengine hutembezwa na meli yenyewe kwa mabasi. Wengine hushuka na kukodi teksi yao binafsi, kwa kuwa mara nyingi ni nafuu, na pia wanaweza kusimama wanapotaka.

Teksi hizo kwa kawaida hazina mita, hivyo bei ni mapatano. Mgeni mwenye busara hupatana na dereva kabla ya kufungua mlango: bei ya gari zima au ya kila mtu, kwa saa ngapi, kwenda wapi, na je, viingilio vimo ndani ya bei hiyo au la. Asiyepatana hugombana mwisho wa safari, wakati hana tena nafasi ya kutafuta gari jingine.

Halafu kuna hesabu ya saa. Tuseme meli imefika saa 2 asubuhi, na abiria wanatakiwa kuwa ndani saa 10 jioni. Hizo ni saa 8. Ondoa saa moja ya kushuka na kukaguliwa, na saa moja ya akiba kwa ajili ya foleni au pancha, zinabaki saa 6. Ndani ya saa 6 mtu anaweza kwenda mashamba ya viungo ya Kizimbani, kisha msitu wa Jozani ulio umbali wa kilomita 35 hivi kutoka mjini kuwatazama kima punju, na kurudi kutembea Mji Mkongwe. Akitaka na Nungwi, kaskazini kabisa mwa kisiwa, ajue anacheza na meli. Meli huwasubiri watu iliowatembeza yenyewe. Aliyekodi teksi yake haisubiriwi.

Kuna mambo mawili zaidi ya kujifunza huko. La kwanza ni kamisheni. Baadhi ya madereva, pamoja na vijana wanaowavizia wageni mjini ambao Wazanzibari huwaita papasi, hupewa chochote na mwenye duka kwa kila mgeni wanayemleta. Mgeni hujikuta amemaliza saa nzima dukani ambako hakuomba kupelekwa. La pili ni jema: pale Jozani sehemu ya viingilio hurudi katika vijiji vya jirani, vikiwemo vya wakulima ambao mazao yao huliwa na kima. Safari ni ileile na gari ni lilelile, lakini tofauti ipo katika mahali fedha inapoishia.

Wapitaji si wageni kwetu

Ndugu zangu, sisi wa nyanda za kati hatuna bandari, lakini habari ya wapitaji tunaijua tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Huko watemi wa Wagogo waliitoza hongo ya nguo, shanga na waya ili ipite na kupata maji. Wakati ule neno hongo halikuwa na maana ya rushwa tuliyonayo leo. Lilikuwa ada ya njia. Wazungu waliopita waliandika malalamiko mengi juu ya ada hiyo, kwa kuwa kila mahali bei ilijadiliwa upya, na msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukibishana. Lakini mwenyeji naye alikuwa na hoja yake: maji ya Ugogo ni machache, na msafara wa mamia ya watu huyamaliza. Ugomvi wao ulitokana na kukutana bila bei inayojulikana.

Tukumbuke na jambo la pili, ambalo kila mtoto wa Kongwa amelisikia: mpango wa karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield. Ujumbe ule ulizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa katika nchi yetu. Kazi ilianza hapa Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalishindwa na vichaka na mibuyu. Udongo ulikauka ukawa mgumu mithili ya saruji, na mvua haikuja kama walivyotegemea. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilifikia pauni zipatazo milioni 36.

Mgogo yeyote aliyelima mtama hapa angeweza kuwaeleza juu ya udongo ule na miaka ya ukame. Ziara yao haikuwa na nafasi ya kukaa chini ya mti na kumsikiliza. Ndiyo maana tunasema njia ya gari si jambo dogo. Watu waliitazama nchi hii kwa haraka na kutoka juu, na waliobaki kuishi na matokeo yake ni wenyeji.

Mambo matano ya kupatana

Sasa tuje kwenye utaratibu wetu. Tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda wa kati ya saa 3 na 4. Kwa hiyo mgeni anaweza kufika asubuhi na kurudi jioni ileile, naye sasa anafanana na yule abiria wa meli. Kabla gari halijaondoka, kamati ipatane juu ya mambo haya:

Kwanza, bei. Ijulikane kama ni ya siku nzima au ya kilomita, na ni nani anayelipa mafuta, chakula cha dereva, na muda wa kusubiri ukizidi. Iandikwe katika karatasi moja, dereva atie sahihi, mjumbe mmoja atie sahihi, na stakabadhi itolewe. Bei ya mgeni iwe ileile ambayo parishi ingelipa kwa safari hiyo. Kumpandishia mgeni bei kwa sababu ni mfadhili ni kuchukua fedha ya kisima na kuiweka mfukoni mwa mtu mmoja.

Pili, gari lenyewe. Gari la biashara lina namba nyeupe na leseni ya LATRA; gari la binafsi lina namba za njano. Gari la ndugu yetu lenye namba za njano linaweza kuwa jipya na zuri, lakini bima yake haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, nani atamjibu mgeni, na nani atamtunza dereva? Tazameni pia matairi, mikanda, na kama dereva amelala usiku uliotangulia. Ni vema akodiwe dereva wa hapahapa Kongwa au Kibaigwa, anayejua ni korongo lipi hujaa maji kati ya Desemba na Aprili.

Tatu, saa. Chukulieni mfano wa mgeni aliyefika Dodoma saa 4 asubuhi na anayetakiwa stesheni saa 11 jioni. Hizo ni saa 7. Kutoka Dodoma hadi hapa ni kilomita zipatazo 90, kwa kupitia Mbande. Kwenda na kurudi ni kama saa 3. Wekeni saa moja ya akiba. Zinabaki saa 3. Risala mbili, kwaya tatu na utambulisho wa kila kiongozi vinaweza kuzimaliza zote, mgeni akaondoka bila kuongea na mkulima hata mmoja. Na tusisahau wanaosubiri. Katika msimu wa kupalilia, mama anayeketi chini ya mbuyu tangu asubuhi akingoja gari lililoahidiwa saa 5 na kufika saa 8 amepoteza siku ya shamba. Saa yake ina thamani sawa na ya mgeni.

Nne, njia. Tunashauri vituo vitatu, si saba. Kimoja kiwe kazi inayokwenda vizuri. Kimoja kiwe kazi iliyokwama, ili mgeni aone na tatizo. Cha tatu kiwe mahali ambapo mgeni anajifunza habari za nchi hii: soko la mahindi la Kibaigwa, au eneo la kambi ya wapigania uhuru ambako kuanzia mwaka 1964 walikaa wapiganaji wa ANC, FRELIMO na vyama vingine vya kusini mwa Afrika. Tusifanye kama yule dereva wa kamisheni, tukampeleka mgeni kwenye mradi wa kijiji cha mwenyekiti kila mara. Na gari lisimame angalau mara moja mbali na barabara ya lami.

Tutoe mfano. Kwa miaka mingi vijiji vya Kongwa vilisumbuliwa sana na ugonjwa wa vikope. Utafiti uliofanyika katika vijiji vyetu, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuwanawisha watoto uso mara kwa mara, pamoja na dawa ya macho, hupunguza vikope vikali. Mgeni akikaa ndani ya gari ataona watoto wenye nyuso chafu na kudhani ni uzembe wa wazazi. Akishuka na kutembea na mama hadi anakochota maji, ataelewa kwa nini ndoo moja hugawanywa kati ya kupika, kunywa na kunawa.

Tano, fedha inayobaki. Mgeni akija na gari kutoka mbali, chakula chake ndani ya boksi na maji yake ya chupa, hutuachia vumbi tu. Chakula kipikwe na akina mama wa parishi kwa bei iliyopangwa, ugali na mlenda vikiwemo, nao walipwe siku hiyohiyo. Kijana anayeongoza na kutafsiri alipwe pia. Zawadi na pipi zisirushwe kupitia dirishani. Kama mgeni ana zawadi, aikabidhi kwa kamati mbele ya watu, iandikwe katika daftari.

Kwa wafadhili wetu

Nanyi ndugu zetu mnaotutembelea, tunawaomba mambo machache kwa upendo. Tuambieni mapema saa mnayofika na saa mnayotakiwa kuondoka, bila kuficha. Ombeni kuonyeshwa karatasi ya mapatano ya gari; hamtatukosea heshima kwa kuiomba. Ulizeni kabla ya kupiga picha ya mtoto. Dereva akisema njia haipitiki, mwaminini, maana anataka mrudi salama. Na kama mna siku moja tu, msitoe uamuzi mkubwa jioni hiyo mkiwa ndani ya gari. Andikeni mlichoona, tutumieni maswali, tuwajibu kwa maandishi, kisha muamue.

Hitimisho

Maandiko yanatuagiza tusisahau kuwafadhili wageni. Kumkarimu mgeni si kumficha ukweli, wala si kumkamua. Ni kumfikisha salama, kumwonyesha ilivyo, kumlipa haki yake aliyeendesha na aliyepika, na kumrudisha kwa wakati. Tunapendekeza kila parishi ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, watakaoshika daftari la safari: bei, namba ya gari, saa, vituo, na malipo yaliyobaki kijijini. Mwisho wa mwaka daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano wa parishi. Tukifanya hivyo, hata mgeni wa saa tatu ataondoka na habari za kweli za Kongwa, na mwenyeji hataona hasara kumpokea.