Akiba ya Mbegu za Maua

Nimeombwa kusema machache juu ya bustani, nami nimechagua habari ya kuweka mbegu za maua.

Wahenga walinena, Akiba haiozi. Lakini mbegu huoza, ikiwekwa na unyevu. Hapa Singida tuna majira mamoja ya mvua, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Kisha ukavu na upepo. Ukavu huo twaunung'unikia, kumbe kwa mwenye mbegu ni rafiki.

Tazameni alizeti. Msiikate mpaka kisogo cha ua kigeuke kuwa manjano, kisha kahawia. Ndege wakizidi, lifungeni ua kwa kitambaa chepesi. Zinia nayo iacheni ikaukie juu ya bua lake. Kateni umande ukiisha kukauka, mtandaze kivulini siku kadha wa kadha, mpukuchue na kupepeta. Ndipo mtie katika kibuyu au chupa kavu pamoja na majivu makavu, mzibe vema, na kuandika jina na mwaka.

Tena, yafaa kumchagua mama wa mbegu mapema. Wengi hukata maua yaliyo bora kupambia meza, wakayaacha yaliyo dhaifu yazae mbegu. Mwaka hata mwaka bustani yafifia, nao husema udongo umechoka. Sivyo, wao wenyewe wamechagua unyonge. Fungeni uzi mwekundu katika shina lililo bora, mtu asilikate.

Mbegu chotara za dukani msiziweke, maana watoto wake hawafanani na mama. Na alizeti za aina mbili zikikaribiana, nyuki huzichanganya. Basi chukueni mbegu katikati ya shamba.

Kabla ya mvua, zifungeni mbegu 10 katika kitambaa chenye maji. Zikiota 8, ni njema. Zikiota 3 tu, tafuteni nyingine.

Mwisho, msipande zote kwa mvua ya kwanza, kwani mara nyingi hudanganya: miche huota, jua likaikausha. Aliyebakiza konzi moja atapanda tena, aliyemaliza ataomba. Na katika konzi hiyo mpeni jirani kidogo. Zenu zikipotea, mtazikuta kwake.

Nimekwisha.