Moteri: Wakati wa Kuikimbiza na Wakati wa Kuiacha Ipumue

Mazungumzo ya monitere wa mashamba na watu wa vijiji vya upande wa Musonoi



Mmezoea kunisikia nikisema juu ya mbegu, juu ya mistari ya mahindi, juu ya kupanda mihogo kabla mvua hazijakolea. Leo nitasema juu ya moteri. Labda mzee mmoja ataniuliza: "Mwanangu, sisi ni watu wa jembe. Moteri ni kazi ya mashofere. Yatuhusu nini?" Nami nitamjibu kwa heshima: Baba, mahindi hayana miguu. Tangu mji wa Kolwezi ulipoanzishwa mwaka 1937, watu wa mgodi wanakula, na sisi tunalima. Kati ya shamba letu na sufuria yao iko kamio. Kati ya mahindi na bukari iko mashini ya kusaga. Moteri ikifa, jasho la mwaka mzima linaoza njiani. Basi sikilizeni vema.

Kwanza nitawaambia kosa langu mwenyewe, maana mwenye kufundisha asijifanye kama hakuanguka kamwe.

Ilikuwa mwezi wa sita. Ninyi wote mnajua baridi ya alfajiri ya mwezi huo. Kamio ilikuwa ya mjomba wangu, tena mimi nilikuwa najifunza kuiendesha. Tuliijaza mihogo mibichi na mafurushi ya sombe, na wamama walikwisha kupanda juu, kila mmoja akitaka kufika sokoni Musonoi kabla ya wengine. Nikawasha moteri. Vijana walisimama kunitazama. Nami kwa kutaka sifa nikakanyaga mafuta mpaka chini, kamio ikiwa imesimama: vuuu! vuuu! Moshi ukajaa uwanja. Vijana wakapiga makofi. Nikadhani nimeiamsha moteri, kumbe nilikuwa naiua.

Hatukwenda mbali. Kwenye mpando nikasikia ndani yake sauti: ko, ko, ko. Badala ya kusimama, nikakanyaga zaidi. Moteri ikakaza, ikanyamaza. Tulikaa njiani siku mbili. Sombe ilinyauka siku ile ile. Na muhogo mbichi, mnaujua, ukishang'olewa hauchukui siku tatu kabla ya kuwa na mishipa myeusi ndani. Wamama waliumwaga kando ya barabara. Hakuna aliyenitukana. Walitembea kwa miguu kurudi nyumbani, na ukimya wao ulinichoma kuliko matusi.

Fundi mzee akafungua moteri chini. Akatia kidole katika mafuta, akanionyesha vumbi la chuma linalong'aa kama samaki wadogo. Akaniuliza: "Ulipima mafuta asubuhi?" Nikasema hapana. "Ulingoja ipate moto?" Nikasema hapana. Akasema: "Basi moteri haikukosa. Mguu wako ndio uliokosa."

Sasa nitawaeleza yale aliyonifundisha, na mengine niliyojifunza baadaye.

Kwa nini moteri baridi isikimbizwe?

Ndani ya moteri vyuma vinapita karibu karibu sana. Kati yao hukaa mafuta, membamba kuliko ngozi ya kitunguu, yanayovizuia visigusane. Moteri ikilala usiku kucha, mafuta hushuka katika bakuli la chini, ambalo mashofere huliita karteri. Juu hubaki kidogo tu. Asubuhi ukiwasha, pompi huanza kuyapandisha tena. Lakini tazama mawese yako, mama, asubuhi ya baridi: yameganda ndani ya chupa. Mafuta ya moteri hayagandi hivyo, lakini nayo huwa mazito, hupita pole pole. Ukikanyaga wakati huo, vyuma vinakimbia na mafuta hayajafika.

Tena pistoni nyingi ni za alumini, kama sufuria zenu, na mara nyingi nyumba yake ni ya chuma. Alumini ikipata moto hukua upesi kuliko chuma. Ukiipa moto wa ghafula, pistoni hunenepa kabla nyumba yake haijapanuka, nayo huparuza ukuta.

Neno la pili ni juu ya mwendo wenyewe. Funga jiwe kwenye kamba, ulizungushe juu ya kichwa. Ukilizungusha pole pole, mkono hausikii kitu. Ukizidisha mwendo mara mbili, jiwe halivuti mara mbili, bali mara nne. Ndivyo ilivyo katika moteri. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa kila sekunde. Kila mara inasimamishwa juu na kugeuzwa, na chuma kinachoishika huvutwa kwa nguvu hiyo. Kikivutwa bila mafuta, kinalika. Kikivutwa kupita kipimo chake, kinakatika.

Tena kila moteri ina kipimo chake. Moteri ya Lister iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1930, ambayo ilisaga mahindi katika nchi nyingi, ilizunguka mara 600 hivi tu kwa dakika. Kamio nyingi za mazutu hazipendi kupita 2,500. Motokari ndogo ya esanse inaweza kufika 6,000, na pikipiki hata zaidi. Basi usimwige mwenye pikipiki ukiwa katika kamio. Kwenye saa ya mizunguko tazama mstari mwekundu: huo ni mpaka, si mwaliko.

Je, tukae uwanjani nusu saa tukingoja moteri ipate moto?

Hapana, hilo nalo ni kosa. Moteri iliyosimama hupata moto kwa uvivu, na esanse isiyoungua vizuri huosha mafuta kwenye kuta za ndani. Fanya hivi: washa, ngoja nusu dakika au dakika moja, taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta izimike. Kisha ondoka kwa upole, bila kukanyaga sana. Sindano ya maji itapanda kwanza. Lakini ujue kwamba mafuta hupata moto nyuma ya maji. Sindano ikifika mahali pake pa siku zote, endelea kwa upole dakika 5 hata 10 bado. Baada ya hapo moteri iko tayari kwa kazi ngumu.

Basi ni wakati gani moteri yaweza kukimbizwa bila hatari?

La kwanza, umepima mafuta na maji asubuhi kabla ya kuwasha, kamio ikiwa imesimama mahali palipo sawa.

La pili, moteri imekwisha kupata moto, nayo haitoi sauti ngeni.

La tatu, moteri si mpya wala haikutengenezwa juzi. Moteri mpya ni kama ng'ombe anayefundishwa kuvuta: kilomita 1,000 za kwanza usiilazimishe.

La nne, moteri ina mzigo wa kuvuta. Kuikimbiza ikiwa imesimama bila vitesi ni kazi ya bure. Haina kitu cha kuizuia, hupanda kama mshale. Huongezi nguvu, unaongeza kelele na deni la fundi.

La tano, iko sababu: mpando, matope, au kupita gari lingine mahali unapoona njia vizuri. Kutaka makofi si sababu.

Vijana, msinisikie vibaya. Sisemi kwamba kila kelele ni dhambi. Kwenye mpando, kamio ikiwa imejaa, shofere anayekataa kushuka vitesi anaitesa moteri vile vile. Inatetemeka, inagonga, kama mtu aliyetwishwa gunia mbili. Hapo shusha vitesi mapema, uiache izunguke kwa wepesi. Sauti inayopanda na mwendo ulio laini ni sauti ya kazi njema.

Kwenye mteremko, chagua vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka. Usingoje mpaka kamio inakimbia ndipo uingize vitesi ya chini kwa nguvu. Wakati huo magurudumu ndiyo yanayoizungusha moteri, na hata ukiondoa mguu kwenye mafuta, itapita mstari mwekundu. Wengi wamevunja moteri hivyo, na mzigo na watu wakafuata.

Tena kumbukeni mahali tunapokaa. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu iliyo nayo kule pwani. Ukiona moshi mweusi mpandoni, maana yake mafuta ni mengi na hewa haitoshi. Kukanyaga zaidi hakuleti nguvu, huleta moshi tu na kumaliza mazutu. Na wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiziba chujio la hewa, hasara huzidi. Lisafisheni mara kwa mara.

Ukimaliza mpando mrefu, usizime moteri ghafula. Yenye turbo hasa: kile kidude kidogo huzunguka mara maelfu mengi, tena kina moto mkali. Ukizima papo hapo, mafuta yanasimama na kuungua ndani yake. Iache ipumue pole pole dakika moja au mbili, ndipo uzime. Sindano ya maji ikiingia katika nyekundu, simama, wala usifungue kifuniko cha radiatere, maana maji yale huruka na kuchubua uso.

Sasa neno kwa wenye mashini ya kusaga. Mashini yenu haina mbio za barabarani, lakini sheria ni ile ile. Iwashe bila mahindi, iache izunguke kidogo, ndipo umimine, pole pole kwanza. Asiwepo mtu wa kufunga waya kwenye kizuizi cha mwendo ili isage upesi zaidi. Moteri hiyo haikutengenezwa kwa mwendo huo, na gurudumu zito likipasuka, vipande hupita ukuta. Kitambaa cha mama na mtoto mgongoni vikae mbali na mkanda.

La mwisho, nalo ni kubwa kupita yote. Msiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa, hata usiku wa baridi, hata kwa dakika chache. Moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito, anasinzia, haamki tena. Moteri iliyovunjika fundi ataitengeneza. Mtu aliyekufa, nani atamtengeneza?

Wandugu, mjomba wangu alifanya kazi misimu miwili kulipa moteri ile. Mimi nililima naye, na kila gunia tulilouza nililihesabu. Leo nikiwasha kamio alfajiri, vijana bado wanasimama kutazama. Wananiambia: "Monitere, ipige tuisikie!" Nami naweka mikono juu ya usukani, naitazama taa nyekundu mpaka izimike, kisha natoka uwanjani kimya. Hawapigi makofi. Lakini sombe inafika Musonoi ingali mbichi, na wamama wanarudi na franga zao.

Haraka haraka haina baraka. Mwenye kamio, mwenye mashini, mwenye pikipiki, mfundishe mguu wako kungoja.