Mama wa Nani?
(Hotuba iliyosomwa katika chakula cha usiku cha mkutano wa ukoo)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya wanawake waliopigana vita, kwa kuwa nilisomesha historia kwa miaka mingi. Niliandika kurasa kumi na moja. Juzi nikaletewa rasimu ya shajara ya ukoo wetu itakayochapishwa, nikazipunguza kurasa hizo. Sababu mtaisikia.

Nianze na tunayemjua sote. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, Nusayba binti Kaab alitoka Madina na kiriba cha maji ili awanyweshe wapiganaji. Safu za Waislamu zilipovunjika, alishika upanga akasimama kumkinga Mtume (S.A.W.). Alitoka na majeraha kumi na zaidi, na lile la begani lilikuwa kubwa mno. Baadaye, katika vita vya Yamama, alipoteza mkono. Hata hivyo, wengi humtaja kwa jina la Ummu Umara, yaani mama wa Umara.

Yaa Asantewaa wa Ejisu, aliyewaongoza Waashanti mwaka 1900 wakaizingira ngome ya Waingereza pale Kumasi, nilikuwa nimemwandikia kurasa mbili nzima. Vijana watazipata baada ya chai.

Wanawake askari wa Dahomey walipigana na Wafaransa tangu 1890 hadi ufalme wao ulipoanguka. Sitawapamba: jeshi lao liliteka watu waliouzwa utumwani, na sisi watu wa pwani hatuna haki ya kulipita neno hilo kimya kimya. Nyumbani kwao waliitwa Mino, maana yake mama zetu. Walikuwa maelfu, na wanaojulikana kwa majina ni wachache mno.

Sasa nije kwa jirani yetu. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza iliwataka Wagiriama walipe kodi na kutoa vijana wa kufanya kazi mbali na kwao. Mwanamke mjane, mtu mzima, akazunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, na watu wakamfuata. Pale Kaya Fungo wakala kiapo cha kutoitii serikali. Hakushika upinde wala bunduki. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikawaka.

Ulimwengu unamjua kwa jina la Mekatilili. Maana yake ni mama wa Katilili. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi, nalo wengi wetu humu ukumbini hatujapata kulisikia.

Ndipo niliporudi kwenye rasimu yetu. Vizazi sita, na majina ya wanaume yamepangwa kwa uzuri, mengine pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Penye wanawake pameandikwa “binti”, au “mke wa pili”, au alama ya kuulizia. Bibi yangu mzaa baba, aliyevuka bahari mwaka 1964 na watoto wanne na sanduku moja, akawasomesha wote kwa kushona nguo za watu, ameandikwa “mama wa” baba yangu. Ami yangu aliyeiandaa rasimu ameniambia, kwa upole wake tunaoujua, kuwa ndivyo shajara zilivyoandikwa siku zote. Namheshimu sana, na kazi aliyoifanya hakuna mwingine angeiweza. Lakini katika hili sikubaliani naye, na nimemwomba ruhusa ya kulisema mbele yenu.

Rasimu inakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Karatasi tupu nimeziweka kwenye meza ya katibu, na kalamu sita. Wako wazee humu wanaoyakumbuka majina ambayo sisi hatukuyapata. Naomba kila mmoja apite kwao kabla hawajakwenda kulala.