Leza Badala ya Buji: Mafundi wa Nyamianda Tujiandae kwa Lipi?

Mada kwa semina ya mafundi wa magari, pikipiki na mota za mitumbwi, Nyamianda, Uvira

1. Utangulizi

Habari kwamba mwanga wa leza utachukua nafasi ya buji zimeshafika hadi kwetu, na vijana wanauliza kama ufundi wanaojifunza unakufa. Jibu langu ni fupi. Leza inatibu ugonjwa ambao kwetu si mkubwa. Ule unaotusumbua kila siku haiugusi.

2. Buji na mipaka yake

Mwaka 1860 Étienne Lenoir, huko Paris, aliwasha injini yake ya gesi kwa cheche ya umeme. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch, alikamilisha magneto ya volti kubwa pamoja na buji yake. Tangu hapo kanuni haijabadilika: ncha mbili za chuma, mwanya usiofika milimita moja katika pikipiki nyingi, na maelfu ya volti yakiruka katikati.

Shida ziko tatu. Kwanza, cheche huwaka kwenye ncha ya buji, karibu na ukuta wa silinda, na chuma kinachoizunguka hunyonya sehemu ya joto la moto mchanga. Pili, mchanganyiko ukibanwa zaidi, cheche hudai volti zaidi, na ncha zinalika. Tatu, mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta kidogo hauwaki kwa urahisi, ingawa huo ndio unaookoa mafuta na kupunguza oksidi za nitrojeni katika moshi.

3. Leza inavyowasha

Lenzi hukusanya mwali wa leza kwenye nukta moja, kama kioo cha kukuza kinavyokusanya jua hadi karatasi ikaungua. Hewa yenyewe hupasuka ikatoa cheche, bila ncha ya chuma. Nukta hiyo inaweza kuwekwa katikati ya silinda, na zinaweza kuwa mbili kwa mpigo. Zaidi ya hayo, mgandamizo unaoisumbua buji huirahisishia leza kazi.

Kikwazo cha zamani kilikuwa ukubwa wa mtambo. Mwaka 2011 Takunori Taira wa Japani, pamoja na Nicolaie Pavel wa Romania na watafiti wa kampuni ya Denso, walionyesha leza ya kauri yenye kipenyo cha milimita 9 na urefu wa milimita 11, inayotoa miali miwili. Baadaye Pavel na wenzake waliendesha injini ya gari kwa leza. Hata hivyo, kutoka maabara hadi dukani ni mbali: bei ni kubwa, na kifaa cha mwanga lazima kivumilie joto na mtikisiko wa injini miaka na miaka.

4. Pengine itaanzia kwenye gesi

Watafiti wengi wa leza wameelekeza macho kwenye injini kubwa za gesi zinazofua umeme. Hizo hufanya kazi usiku na mchana, kwa mgandamizo mkubwa na hewa nyingi, kwa hiyo hula buji haraka, na kila kubadilisha ni kuzima mtambo. Injini za aina hiyo haziko mbali nasi. Huko Karongi, Rwanda, mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa mwaka 2016 unafua megawati 26 hivi kwa methani ya Ziwa Kivu, ziwa lile lile ambalo maji yake hutushukia kwa mto Ruzizi. Kama kijana wa Uvira atashika leza ya injini siku moja, huenda ikawa kwenye mtambo wa namna hiyo kabla ya kuikuta kwenye pikipiki.

5. Kwetu buji zinakufa na nini?

Ifungue buji utazame. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Masizi makavu meusi yanasema esansi imezidi au chujio la hewa limeziba. Ikiwa imelowa mafuta mazito, tazama ringi za pistoni. Kwenye mota ya mtumbwi ya mipigo miwili, uliza kwanza nani alichanganya oili na kwa kipimo gani. Ikiwa nyeupe iliyoungua, mafuta hayafiki ya kutosha au injini inachemka. Na esansi ya chupa kutoka kwa akina Kadhafi, wauzaji wa esansi wa kando ya barabara, huenda ikawa imechanganywa na petroli ya taa au maji.

Katika visa hivi vyote, cheche haina kosa. Leza nayo hupita kwenye kidirisha, na masizi yanayoiua buji yatakipaka hicho pia. Ni kweli mwali wenyewe unaweza kuunguza sehemu ya uchafu, lakini hauwezi kurekebisha karburateri wala kufunga ringi mpya. Injini za mazutu hazihusiki hapa, kwani huwasha kwa mgandamizo.

6. Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kila garaji ifundishe kusoma buji kabla ya kuibadilisha, na mteja aonyeshwe ile iliyotolewa. Esansi ya rejareja ichujwe na iachwe itulie ili maji yatengane. Na vijana wasome umeme na sensa pamoja na spana, maana anayejua kwa nini mchanganyiko unawaka atatengeneza injini hata kiwashio kikibadilika. Naomba mjadala uanze na pendekezo la kwanza, kwa kuwa linaweza kutekelezwa kesho asubuhi bila kununua kitu.